Umri wa Kubeba Saruji

Jumatatu, 3 Agosti

Balaa. Saa nne, baada ya lori la kwanza, nyapara alituita tusimame mstari. Mwenye ghala ametoa amri. Mwezi huu ukiisha, aliyepita miaka sitini habebi tena saruji hapa.

Sababu ni Nundu, mwenzetu. Mwezi wa tano aliteleza kwenye ubao wa kupandia lori, mfuko ukamlalia kifuani. Kilo hamsini. Alikuwa na miaka sitini na sita. Nilisema kilichomuua ni ubao, ulikuwa umelowa. Nyapara akasema ubao ulilowa kwa wote kumi na wanne, aliyekufa ni mmoja.

Akafungua daftari, akaanza kumuuliza kila mtu umri wake. Mimi nina sitini na nne. Zamu yangu ilipofika nikasema hamsini na nane. Nilisema kwa ukali, kama mtu aliyeulizwa ujinga. Akanitazama kichwani, akitafuta mvi. Kwenye ghala la saruji ikifika saa nne hata mwenye miaka ishirini ana mvi. Akaandika hamsini na nane.

Nyuma yangu Msumari akakohoa. Huyo ana hamsini na moja, mwembamba, amenyooka, na anataka nafasi yangu. Mimi ndiye wa mbele kwenye foleni. Wa mbele ndiye anayeweka mwendo, wengine wanafuata miguu yake juu ya ubao. Miaka kumi na tisa niko mbele. Wananiita Winchi. Ghala zima ni mimi peke yangu ninayeinua mfuko kutoka chini bila kutwishwa na mtu.

Jioni binti yangu alipita. Kama kawaida, ameshanitengea mahali kwake. Napajua. Ni kati ya pipa la maji na mikoba ya shule ya wajukuu. Ameshapiga pazia. Mumewe hana neno, mtu mwema kabisa. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mtu mbaya unaweza kugombana naye ukaondoka.

Kazi ikiisha, chumba hiki kinaisha. Kikiisha, mimi ni babu wa nyuma ya pazia. Mke wangu amefia hapa, kwenye kitanda hiki, upande wa ukutani. Siondoki.


Jumanne, 4 Agosti

Mchana wa leo redio ilituharibia chakula. Uchaguzi umebaki siku kumi na mbili. Upande mmoja Mzee, miaka sabini na tisa, yuko madarakani na anataka tena. Upande wa pili Kijana, miaka thelathini na nane.

Msumari akaanza. Eti mtu wa sabini na tisa anasinzia mkutanoni, atatuamkia saa ngapi? Eti akipanda ngazi anashikwa makwapa. Mimi nikasema nchi haibebwi na mgongo. Akauliza inabebwa na nini. Nikasema na akili. Akasema akili nayo inakaa mwilini, haijaning'inizwa msumarini. Wakacheka. Nikasema Kijana naye ni mtoto, thelathini na nane ni umri wa kutumwa dukani. Msumari akaacha kutafuna. Akasema, "Kumbe umri unahesabiwa kwenda chini tu? Kwenda juu hauhesabiwi?"

Nikatema mate, nikarudi kazini kabla ya muda. Nilibeba kwa hasira. Watatu nyuma yangu walipumua kama mbwa.

Lakini nimepata wazo. Mzee akishinda, nani atathubutu kumwambia mtu wa sitini na nne amechoka? Mtu anabeba nchi ana sabini na tisa, mimi nishindwe na mfuko? Amri ya mwenye ghala itaonekana ni matusi kwa Rais. Kwa hiyo Mzee lazima ashinde. Kwa hiyo lazima nimsaidie.


Alhamisi, 6 Agosti

Nimetoka kazini nikapitia ofisi ya kampeni ya Mzee. Zamani lilikuwa duka la rangi, ukutani bado kuna mistari ya bluu na njano ya kujaribia. Nimemkuta mtu wa tai. Tai ndefu mpaka chini ya mkanda. Nikamwambia mimi ni ushahidi. Akauliza wa kesi gani. Nikamwambia wa kwamba uzee si kitu. Nikamweleza kazi yangu, nikamweleza mfuko, kilo hamsini, kutoka chini, peke yangu.

Akazunguka nyuma yangu. Akanishika bega. Alinitazama kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaniuliza nina miaka mingapi.

Nikafikiri haraka. Hamsini na nane si ajabu. Sitini na nne ni ajabu kidogo. Nikasema sabini na moja.

Mtu wa Tai akakaa chini. Akasema Jumapili kuna mkutano mkubwa uwanjani. Atanipandisha jukwaani mbele ya Mzee mwenyewe, niinue mfuko, watu waone. Nikamwambia shida yangu ya ghala. Akasema mwenye ghala ni mtu wa chama chao, wanakula meza moja. Neno moja tu na amri inafutwa.

Neno moja! Nimerudi kwa miguu njia nzima, sikuhisi miguu.

Najua nimeshasema hamsini na nane huku na sabini na moja kule. Lakini nyapara haendi mikutano, na Mtu wa Tai haendi ghalani. Hawatakutana.


Ijumaa, 7 Agosti

Mazoezi. Baada ya kila lori nimeinua mfuko mmoja kutoka chini, peke yangu. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu sawa. Wa nne niliona nyota, nikajifanya naangalia paa. Nyapara akaniambia nipumzike, mzee. Nikamwambia mzee ni baba yako.

Kuinua mfuko si nguvu, ni kujua. Mwili unaujua uzito kabla mkono haujaugusa. Unaweka miguu, unavuta pumzi, kiuno kinakaa tayari kwa kilo hamsini kamili. Ukijiandaa kwa arobaini, unavunjika mgongo. Hakuna anayefundishwa hili. Miaka thelathini na tatu ndiyo mwalimu.

Binti yangu alikuja tena. Nimemweleza mpango, nikaacha ile habari ya sabini na moja. Hakucheka. Alikunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema yeye hana ugomvi na Mzee kuwa na miaka sabini na tisa. Kuna mtu wa hamsini aliyekwisha na kuna wa tisini aliye mzima. Kisha akasema, "Shida si miaka, baba. Shida ni nani atamwambia inatosha, na yeye akasikia."

Nikamwambia hayo ni maneno ya watu wa Kijana. Akanitazama. Ana macho ya mama yake huyu. Mama yake naye aliniambia niache ubao. Alianza kunieleza kabla hajaugua, akaendelea mpaka sauti ikaisha. Siku aliyokufa nyapara aliniletea habari saa sita. Nilimaliza kwanza lori. Mifuko sitini na mitatu ilikuwa imebaki.

Sijui kwa nini nimeandika hilo.


Jumapili, 9 Agosti

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haupo, yaani upo lakini umefungwa kifuani.

Nieleze kwa utaratibu.

Nilioga. Kosa la kwanza. Bila vumbi la saruji kichwa changu ni cheupe kama pamba. Mtu wa Tai alifurahi sana. Alinivalisha fulana yenye uso wa Mzee.

Uwanja umejaa. Mzee amekaa jukwaani kwenye kiti kikubwa, vijana wawili wa usalama pembeni. Kidevu kifuani. Nilidhani anatafakari. Mfuko wa saruji umewekwa katikati, mpya, umeshonwa vizuri. Spika ikatangaza kwamba kuna watu wanasema uzee ni mzigo, sasa tazameni mzee wa miaka sabini na moja, mbeba saruji, mwenye nguvu kama kiongozi wetu.

Watu wakapiga makofi. Nikamtafuta binti yangu. Alikuwa mstari wa tatu, kashika mdomo.

Nilimgeukia Mzee, nikaweka miguu. Nikavuta pumzi. Kiuno kikakaa tayari kwa kilo hamsini. Nikaukamata, nikainua kwa roho yangu yote.

Haukuwa na kitu ndani. Maranda! Maranda ya seremala, yamejazwa na kushonwa kama saruji. Kilo tatu, labda nne. Mfuko uliruka kama kuku. Ukaniponyoka, ukaenda mbele. Nguvu niliyoiandaa kwa hamsini haikupata pa kwenda, ikanichukua mimi kinyumenyume. Nilivuka ukingo wa jukwaa, nikatua chini na bega. Nilisikia likivunjika. Sauti kama kijiti kikavu.

Mfuko ulipasukia mapajani kwa Mzee. Mzee akaamka. Akaona maranda yakianguka kama maua ya harusi, akadhani hotuba imekwisha. Akapiga makofi.

Halafu kicheko. Nimekaa duniani miaka sitini na nne sijawahi kusikia kicheko kama kile. Binti yangu ndiye aliyekuja. Aliwasukuma watu wazima kama anafungua mapazia.

Mtu wa Tai alinifuata mpaka kwenye gari. Nikamuuliza kwa nini. Akasema walinihurumia. "Hatukutaka utufie pale juu, mzee wangu."

Huruma yao imenivunja bega. Saruji isingenivunja.


Jumatatu, 10 Agosti

Hospitali. Daktari ni msichana, mdogo kuliko viatu vyangu. Ameonyesha picha ya mfupa. Umevunjika mara mbili, na lile fundo la bega limetoka mahali pake. Ameuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Amesema mkono utarudi, lakini hautapanda tena juu ya sikio. Nikamuuliza kwa kubeba mfuko je. Akasema hata sufuria kwanza tuone.

Nikamuuliza ana miaka mingapi. Ishirini na tisa. Nikatulia. Hajui kitu.


Jumatano, 12 Agosti

Nimekwenda ghalani na kitambaa shingoni. Nilitaka wanione nimesimama.

Langoni wamebandika gazeti. Mimi huyo hewani, miguu juu, mdomo wazi, uso wa Mzee umekunjamana kifuani pangu. Maandishi makubwa: MBEBA SARUJI, 71, AANGUKA MBELE YA MGOMBEA. Chini yake watu wawili wenye elimu wanabishana kama kuwe na ukomo wa umri kwa anayetaka urais. Mmoja anasema picha inatosha. Mwingine anasema picha haisemi kitu juu ya akili. Mimi hakuna aliyeniuliza. Na habari ya maranda hakuna aliyeiandika. Inaonekana nilishindwa mfuko wa kweli.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko bega.

Nyapara aliweka daftari lake kando ya gazeti. Hamsini na nane hapa. Sabini na moja pale. Akaniuliza achukue lipi. Nikasema magazeti yanadanganya. Akasema na daftari je? Nikasema daftari ameandika yeye. Alivuta pumzi kupitia puani. Akasema kwa sasa yote mawili ni mamoja, mkono mmoja haupakii lori. Ameniondoa kwenye orodha. Hakungoja mwisho wa mwezi.

Msumari yuko mbele ya foleni. Nilimtazama lori zima. Anakimbia mno kwenye ubao, hajui kuweka mwendo, wa nyuma wanagongana. Alipopita alinisalimia. Alisema shikamoo. Miaka kumi na tisa ananiita Winchi, leo shikamoo. Sikuitikia.

Nilikwenda duka la rangi. Mtu wa Tai hakunijua. Nilipomkumbusha akasema niliwaharibia. Nikamwambia lile neno moja kwa mwenye ghala. Akasema neno gani, mzee? Akaniomba nirudishe fulana.

Walikuwa wameikata kwa mkasi hospitali kunivua. Nikamwambia aifuate kwenye pipa la taka.


Jumapili, 16 Agosti

Kura. Shule ya msingi, foleni mpaka nje ya uzio, jua la kukaanga. Msimamizi aliponiona akapaza sauti: wazee na wagonjwa mbele. Watu wakanipisha. Nikasema mimi si mzee na wala si mgonjwa. Akanitazama kitambaa, akanitazama kichwa. Nikabaki mahali pangu, wa mia mbili na kitu.

Mama mmoja mjamzito nyuma yangu akasema kama sitaki kwenda mbele basi nimpe yeye uzee wangu. Nikajifanya sisikii.

Nilisimama kwa saa tatu. Vizuri kabisa. Saa ya nne ardhi ikasogea. Nilipofungua macho nilikuwa juu ya mikono ya vijana wanne, napelekwa mbele ya foleni, miguu imetangulia. Wakanikalisha kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikapiga kura hivyo, magoti kidevuni.

Nimempigia Mzee. Binti yangu ameniuliza njiani, baada ya yote yale? Nikamwambia sasa ndiyo zaidi. Akishindwa, watasema ni mimi. Na mimi nitakuwa nimethibitisha kwamba wazee wameisha.

Akaniambia ameshaongeza pazia, sasa linafika chini. Na pipa amelihamisha. Nilitazama upande mwingine.


Jumatano, 19 Agosti

Ameshinda! Mzee ameshinda!

Nimesikia kwa redio ya jirani kupitia ukutani. Nilipiga ukuta kwa furaha, na mkono nilioutumia haukuwa mzuri. Nimekaa sakafuni nusu saa nikingoja maumivu yapite.

Amehutubia. Yaani ameanza kuhutubia. Alisema ndugu wananchi, akanyamaza muda, akasema tena ndugu wananchi, akamshukuru mkewe aliyekufa zamani kana kwamba amekaa pale pembeni. Halafu muziki ukawekwa. Jirani akasema, maskini. Maskini wa nini? Mtu ameshinda nchi nzima!

Mimi nilimwelewa. Hata mimi hutengeneza chai vikombe viwili. Haina maana kichwa kimeharibika.

Chumba kina joto. Nimekaa upande wangu wa kitanda. Hakuna wa kumwambia kwamba nilikuwa sahihi.


Alhamisi, 20 Agosti

Nyapara amekuja hapa, mwenyewe. Tangu nimjue hajawahi. Hakukuwa na kiti, akakaa kitandani upande wa ukutani. Nilitaka kumwambia asikae pale.

Alizunguka kwanza. Saruji imepanda, Msumari ameangusha mifuko miwili, daktari anasemaje. Mwisho akasema. Mwenye ghala anataka mtu wa kukaa langoni aandike malori yanayoingia na kutoka. Kiti, kivuli, kalamu. Mkono mmoja unatosha. Baada ya Nundu kufa alisema kazi hiyo apewe mbebaji wa zamani, ila kuna sharti: awe amepita sitini na hajafika sabini. Nyapara ametaja jina langu. Mwenye ghala ametazama daftari akasema huyu bado hajafika. Ametazama gazeti akasema huyu amepitiliza.

Mimi nilikuwa nahesabu. Sitini na nne iko katikati kabisa.

Akasema, "Lete kitambulisho chako kesho saa mbili. Kilichoandikwa humo ndicho nitakachompelekea, na kazi ni yako. Usiniletee hadithi nyingine, kaka. Nimechoka kukutetea."

Amekwenda. Nimekaa na kitambulisho mapajani mchana kutwa. Ni kile cha zamani, karatasi ndani ya plastiki. Mwaka wa kuzaliwa, elfu moja mia tisa sitini na mbili. Uko wazi, hata asiyejua kusoma anauona. Ningebaki na chumba. Pazia lingebaki bila mtu nyuma yake. Binti yangu angelala kwa amani.

Lakini nimefikiri vizuri, kwa utulivu. Kiti cha langoni ni kiti cha mzee. Kila dereva ataniona. Watasema yule pale alikuwa Winchi. Msumari atapita mbele yangu mara arobaini kwa siku na mfuko begani, na kila mara shikamoo. Na Mzee, miaka sabini na tisa, yeye nani alimwonyesha lango? Walimpa nchi nzima, na miaka mitano juu yake.

Nimepasua plastiki kwa wembe, ukingoni, taratibu. Mbili na nane hazijapishana sana. Unafunga juu, unafunga chini. Nimetumia kalamu nyeusi. Mkono wa kulia haukutetemeka hata kidogo, daktari angeona aibu. Imetoka nane safi. Mwaka sitini na nane. Sasa nina miaka hamsini na minane kwa maandishi ya serikali. Plastiki nimeibana tena na mshumaa.

Kesho saa mbili nampa nyapara. Akishaona kwa macho yake hatakuwa na la kusema. Kile kiti ampe mzee yeyote.

Bega leo linauma kidogo kuliko jana. Jumatatu niko mbele ya foleni.